Mwalimu Aliyeogopa Ndege

Mwalimu wetu aliogopa ngazi. Sisemi ngazi ya nyumba ya ghorofa, maana kijiji chetu cha Ihembe wakati ule hakikuwa na ghorofa. Nasema ngazi ya vijiti vinne, ile ambayo mama zetu walipandia kuweka maharage darini. Paa la darasa letu lilikuwa la nyasi, na kila masika lilivuja upande wa dirishani. Wanaume wengine walipanda wakaziba. Mwalimu alisimama chini akiwapa nyasi kwa ncha ya mti mrefu, huku jasho likimtiririka kana kwamba yeye ndiye aliye juu. Siku moja fundi alimtania, "Mwalimu, tunasikia wewe uliruka na ndege kule vitani. Leo paa la nyasi linakushinda?"

Mwalimu akamjibu bila kucheka, "Ndiyo maana linanishinda."

Jina lake nalijua, ila sitalitaja, kwa kuwa hata alipokuwa hai hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mwalimu kwa wazazi wetu, Mwalimu kwa wazee wa kanisa, na Mwalimu kwa mkewe, ambaye alimwita hivyo hata walipokuwa wanagombana. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na kiunoni alikuwa na alama nyeusi iliyomzunguka kama mshipi. Tuliiona pale shati lilipopanda alipokuwa akilima shamba la shule. Tulibishana ni alama ya nini. Wengine walisema ya pepo, wengine wakasema ya minyororo. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu kwenye mbuga zilizo chini ya Ihembe, naye alinipeleka shule kwa kusitasita, miaka michache baada ya vita vikubwa kwisha. Kwa hiyo nilimjua Mwalimu kwanza kwa hofu. Si kwamba alichapa. Fimbo aliishika mara chache kuliko walimu wote niliowahi kuwaona. Tulichokiogopa ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na hofu, na mtoto akimwona mtu mzima anaogopa, hajui pa kujificha.

Nakumbuka mara ya kwanza. Nilikuwa darasa la kwanza. Huko Kyerwa, nyuma ya vilima, Wazungu walichimba bati, nao walikuwa na ndege ndogo iliyopita juu yetu pengine mara moja kwa mwezi. Tulikuwa tunasoma silabi kwa sauti, ba be bi bo bu, wala hatukusikia kitu. Mwalimu alisikia. Chaki ikamdondoka. Akapaza sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu, "Nje! Chini ya migomba! Laleni chini!"

Tulikimbia bila kujua tunakimbia nini. Alinishika mimi na mwenzangu, akatuangusha juu ya majani makavu, akatulalia. Mdomo wangu ulijaa udongo. Nikasikia ndege sasa, mlio wake ukiongezeka, ukawa juu yetu kabisa, kisha ukapungua. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Moyo wake ulikuwa unapiga mgongoni mwangu kwa nguvu hata nikadhani utatoboa shati langu. Ndege ile sikuiogopa. Niliogopa ule moyo.

Alipoinuka hatimaye, alijipangusa, akatuita, akatoa kopo dogo mfukoni. Akaweka sukari kidogo kwenye kiganja cha kila mmoja wetu. Sukari haikuwa kitu cha kuchezea nyakati zile. Watoto wengi nyumbani kwao waliiona Krismasi tu. Tulilamba, kila mmoja na machozi yake na utamu wake, na tangu siku hiyo mambo hayo mawili hayajatengana kichwani mwangu.

Wazazi walilalamika. Mzee wa kanisa alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akamwita kwa neno letu la heshima.

"Waitu Mwalimu, unawatisha watoto."

"Ni kweli," Mwalimu akasema.

"Ndege ile ni ya mgodi. Imebeba barua na nyama ya kopo."

"Najua, mzee wangu."

"Sasa?"

"Kichwa changu kinajua. Bado miguu."

Mwezi uliofuata ndege ilipita, nasi tukalala chini ya migomba kama kawaida. Watu wakawa wanacheka. Kwa kuwa ndege ni neno moja kwa chombo na kwa kiumbe mwenye mabawa, watani walimwita Mwalimu Aliyeogopa Ndege, na walipoona njiwa ametua njiani walimwambia, "Mwalimu, jihadhari." Alicheka nao. Ila baadaye ungemwona anatazama juu.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Kila mwisho wa kiangazi ng'ombe wa ukoo wetu walipitishwa kando ya shule kwenda mtoni. Siku moja fahali wa baba, mweusi mwenye pembe zilizofunguka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, alichomoka kundini akaja uwanjani wakati wa mapumziko. Tulitawanyika tukipiga kelele, na kelele zikamzidishia wazimu. Mwalimu alitoka darasani akiwa na kitabu. Alitembea, hakukimbia, mpaka akasimama kati ya fahali na mtoto mmoja aliyeanguka. Akaanza kumsemesha kwa Kinyambo, lugha yetu, polepole, maneno ya kawaida kabisa, kama mtu anayemuuliza jirani habari za shamba. Fahali akakwaruza ardhi. Mwalimu akamshika pembe moja, akamgeuza. Baba alifika akihema, akaona. Jioni ile alituambia nyumbani, "Huyo si mwoga. Mwoga hukimbia kila kitu. Huyo ana kitu kimoja."

Maneno ya baba yalinikaa. Nikaanza kumchunguza Mwalimu kama vile watoto wa wafugaji tunavyofundishwa kumchunguza ng'ombe anayechechemea: hutazami mguu unaochechemea, unatazama anakanyaga wapi.

Niliona kwamba hakuweza kuvumilia watoto kusongamana. Tukigawiwa chochote, mahindi ya kuchemsha au madaftari, alichora miduara ardhini kwa kijiti, kila mtoto na mduara wake, na ole wako utoke. Alisema, "Usiinue mikono kupokea kitu ambacho hujakiona chote." Tulilikariri kama methali ya wahenga, tukidhani ni onyo kuhusu tamaa. Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo. Mara nyingine alisema, "Hofu ni mgeni. Ukimfukuza atarudi na ndugu zake. Mpe kiti cha karibu na mlango, uendelee na kazi."

Tena kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda Ihanda, safari ya asubuhi nzima kwa vilima vile, kumkatia kuni bibi mmoja ambaye hakuwa ndugu yake. Bibi yule hakuwa na maneno mazuri. Mara mbili nilitumwa na Mwalimu kumpelekea chumvi, na mara zote mbili aliipokea bila kuniangalia, akauliza tu, "Yeye yuko wapi?" Nilidhani anamdharau. Lakini kuni zake zilikuwa zimepangwa ukutani vizuri kuliko za nyumba yoyote, kubwa chini, ndogo juu, na hakuruhusu mtu mwingine azipange.

Niliondoka Ihembe kwenda shule ya bweni ya wasichana, nikarudi nina miaka kumi na saba, nikapewa kufundisha watoto wadogo chini yake. Ndipo nilipoyapata yaliyobaki.

Ilikuwa siku ya mvua iliyokatika ghafla. Mzazi mmoja alikuwa ametuletea mzigo wa miwa, nami, kwa furaha ya ujana, niliusimamisha katikati ya uwanja nikawaita watoto. Sikuchora miduara. Wakaja kama senene kwenye taa, wakirukaruka, mikono juu, wakisukumana. Mwalimu alitoka mbio. Alininyang'anya muwa mkononi, akauvunja gotini vipande viwili, akaniambia mbele ya watoto wote, "Wewe utaua mtu!"

Nililia kwenye chumba tulimoweka chaki na majembe. Alinifuata baada ya muda, akabisha kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba. Nimekukaripia mbele ya watoto. Si vizuri."

"Nimezoea."

"Usizoee," akasema. Akakaa juu ya debe lililopinduliwa. Kisha akanieleza, akiwa anaitazama mikono yake.

Alikuwa amechukuliwa jeshini na kupelekwa Bama, yaani Burma, mbali kuvuka bahari. Kwa kuwa alijua kusoma maandishi ya kwenye magunia, walimtoa kwenye kubeba mizigo, wakamtia kwenye ndege. Kulikuwa na mji kando ya mto mkubwa, na adui alikuwa ameuzunguka pande zote. Hakuutaja jina. Alisema "mji ule" tu. Barabara zote zilifungwa, na ndani walikuwamo askari wa upande wetu na wenyeji pamoja na watoto wao, wote wakila mizizi na ngozi za viatu. Njia ya kuingia ilikuwa moja, ya juu. Kila siku ndege ziliruka juu ya mji, na mlango wa ubavuni ulikuwa umeng'olewa. Kazi yake, akiwa amefungwa kamba kiunoni asije akaanguka, ilikuwa kusukuma magunia ya mchele yaende chini.

"Kamba ile ndiyo hii," akasema, akajigusa kiunoni.

"Ulikuwa unaogopa?"

"Nilijikojolea. Siku ya kwanza, na ya pili. Chini walikuwa wanatupiga bunduki. Risasi zilitoboa bati la ndege, mwanga ukaingia kwenye matundu kama kwenye chekecheke. Unakaa humo ukihesabu mwanga."

Rubani wake alikuwa kijana wa Kizungu mwenye pua iliyobanduka ngozi kwa jua. Hawakuzungumza sana. Siku ya tatu au ya nne walifika juu ya uwanja wa kutupia mizigo, Mwalimu akasukuma gunia, na gunia lilipokwisha kutoka ndipo akawaona. Watoto wa mji ule walikuwa wamejifunza kuisikia ndege. Walikuwa wamevuka kamba za askari wakaingia uwanjani, wengi, wamesongamana, wote wameinua mikono.

"Gunia likishatoka mlangoni halirudi," Mwalimu akasema. "Nililiona likienda. Niliwaona wakilitazama linakuja, wakadhani wanaweza kulidaka."

Mvua ilianza tena juu ya nyasi.

"Tulipotua, rubani wangu alikuja nyuma. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Akaniuliza, 'Umeona?' Nikasema, 'Nimeona.' Akakaa sakafuni pale pale penye mchele uliomwagika. Baadaye akasema, 'Kesho tutawaita kwingine.'"

Nao wakafanya hivyo. Rubani alikusanya sukari na biskuti za mgawo wake, akaomba na za wenzake. Tatizo likawa kuvitupa bila kumuumiza mtu. Ndipo Mwalimu akakumbuka jinsi mama yake alivyofunga chumvi. Migomba ilikuwepo huko pia. Alichukua maganda makavu ya mgomba, akafunga sukari vifurushi vidogo vya ngumi ya mtoto, akaviachia mkia mrefu wa jani. Mkia ule ulivifanya vishuke vikizunguka, taratibu, kama mbegu zenye mabawa. Upande wa pili wa mji kulikuwa na shule iliyokuwa imeezuliwa paa. Walipita hapo kwanza, wakavimwaga vifurushi, watoto wakakimbilia huko. Kisha ndege ikazunguka, ikaja kutupa magunia kwenye uwanja uliobaki mtupu.

"Ina maana mlipita mara mbili," nikasema.

"Mara mbili. Na ile ya kwanza ilibidi tupite chini, polepole, juu ya ukingo wa mto walikokaa wenye bunduki. Kwa ajili ya sukari." Akatikisa kichwa. "Mkubwa wao akakataza. Rubani wangu akasema ndiyo bwana, akapita tena. Marubani wengine wakasikia, nao wakaanza kuleta vyao. Mmoja alileta mpira wa miguu. Sijui walimfungia mkia gani huo mpira. Hakuna mtoto tena aliyekuja uwanjani."

Nilidhani hadithi imekwisha hapo. Kanisani Ihembe watu walijua mwisho wake mwingine: kwamba Mwalimu alipona kwa muujiza, kwa sababu alishikwa na homa siku ile ndege yake ilipokwenda isirudi. Mzee wa kanisa alikuwa ameyasema hayo mimbarini, na Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sikuwa na homa," akaniambia.

Asubuhi moja aliamka, miguu ikakataa. Akajifunika blanketi mbili na koti juu yake ili mwili upate joto, akamwambia daktari wa jeshi anaumwa. Mwenzake wa hema moja akachukua nafasi yake. Alikuwa wa kwetu, wa Ihanda, kijana mcheshi. Wakati akijifunga kamba alimwambia Mwalimu, "Lala, ndugu yangu. Leo nami nikawaone hao watoto wako." Vifurushi vya siku ile Mwalimu alikuwa amevifunga mwenyewe jana yake jioni.

Jua lilipofika utosini ndege nyingine zikarudi. Ile haikurudi.

"Vifurushi vilifika?" nikauliza. Sijui kwa nini nilichagua swali hilo kati ya yote.

"Sijui," akasema. "Hilo ndilo ningependa kulijua kuliko yote."

Nikafikiri kuhusu bibi wa Ihanda na ukuta wake wa kuni. "Mama yake anajua?"

"Nilimwambia siku niliyofika. Sikwenda kwanza kwetu. Nilikwenda kwake na mkoba mgongoni, nikapiga magoti nikamweleza yote, hata habari ya blanketi."

"Akasema nini?"

"Aligeuka akatazama jikoni. Kisha akasema, 'Kuni zimekwisha.'"

Aliinuka, akalirudisha debe mahali pake. Hakuzungumzia tena habari hiyo na mimi, wala mimi sikuipeleka kokote mpaka wote walipokwisha kuondoka duniani, yeye na bibi. Alimkatia bibi yule kuni mpaka alipomzika, na kwenye maziko watu walishangaa kuona ndugu wa marehemu wanamwachia Mwalimu nafasi ya mtoto wa kwanza.

Baada ya maziko alifanya jambo ambalo Ihembe nzima ilishindwa kulielewa. Aliomba kuhamia Kibingo, karibu na migodi, kufundisha watoto wa wachimbaji. Nyumba aliyopewa ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kiwanja cha nyasi ambako ile ndege ya mgodi ilitua na kuruka. Mkewe alilia. Tulimuuliza, "Mwalimu, wewe na ndege tena?" Akasema simba anayeunguruma nawe hujui yuko wapi anatisha kuliko yule unayemwona amelala. Waliomtembelea walisema bado anajificha, ila sasa anajificha nyuma ya mlango, na anachungulia.

Mimi niliolewa na karani wa chama cha kahawa, mtu wa Muleba, tukahamia nasi upande wa Kyerwa. Tulipata binti. Yuko hai, ana wajukuu, na kovu dogo la kisu cha daktari shingoni analolifunika kwa shanga. Nalisema hilo mapema kwa sababu sipendi kumweka mtu roho juu kwa habari ya mtoto.

Alikuwa na miaka miwili. Wageni walikuja, nikawatengea kikapu cha kahawa ya kutafuna kama ilivyo ada, na nilipogeuka alikuwa ametia punje mdomoni, akacheka, akapaliwa. Tulimpiga mgongoni, tukamgeuza kichwa chini. Alianza kupumua tena, lakini pumzi ilitoka na mluzi. Sauti ndogo, kama ya filimbi ya muwa. Akilala, mluzi. Akilia, mluzi ulikatika kabisa, midomo ikawa ya rangi ya zambarau.

Dresa wa zahanati alimsikiliza kifuani akasema punje imeingia njia ya hewa, yeye hana chombo cha kuitoa, apelekwe Bukoba. Ilikuwa masika. Mto Kagera ulikuwa umefurika siku nne, na malori yalikuwa yamepanga foleni pande zote mbili. Daktari wa misheni alikuwa amekwama ng'ambo. Mume wangu naye alikuwa amekwama ng'ambo. Nilimfunga mtoto kifuani, nikatembea mpaka kiwanja cha mgodi kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Rubani alikuwa kijana mrefu, mwenye Kiswahili cha mgodini. Alimtazama mtoto, akatazama mawingu yaliyolalia vilima, akasema maneno mengi ya Kiingereza niliyoyapata nusu tu. Kwa hofu Kiingereza changu chote cha bweni kilinitoka. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anamjibu. Mwalimu alikuwa amekuja na kandambili moja mguuni, nyingine ameiacha matopeni.

"Anasema mtoto huyu hawezi kupandishwa juu," Mwalimu akanieleza. "Hewa ya juu ni nyembamba, pumzi itakwisha. Itabidi apite chini ya mawingu, katikati ya vilima. Anasema mtu amshike mtoto wima, kichwa kisianguke, njia nzima, hata ndege ikiyumba. Na amwambie yeye jinsi mtoto anavyopumua."

"Mwambie nitamshika."

Mwalimu akaitazama mikono yangu. Mtoto mwenyewe alikuwa anarukaruka kwa jinsi ilivyotetemeka. Akaniondolea mtoto taratibu.

"Wewe utakaa nyuma yangu," akasema. "Utashika shati langu."

Alipofika kwenye ngazi ndogo ya kupandia, vipandio viwili tu, alisimama. Nilimwona shingo yake ikilowa. Akasema kitu kwa Kinyambo, si kwangu wala kwa mtoto. Alisema, "Sogea, nipite." Akapanda.

Siwezi kueleza safari ile vizuri, kwa kuwa muda mwingi nilifumba macho. Nilipoyafumbua niliona miti ikipita dirishani, si chini yetu, bali kando yetu, kama tuko kwenye lori. Niliona mbuzi wakikimbia. Ndege iliinamia ubavu mmoja, na kilima kikatupita kwa karibu hata nikaona mwanamke amesimama shambani na jembe, mdomo wazi. Mvua ilipiga kioo kama kokoto. Mwalimu alikuwa amemweka binti yangu wima kifuani mwake, mkono mmoja mgongoni, mwingine kisogoni, na kila baada ya muda alimpazia rubani sauti kwa Kiingereza, neno moja lile lile: anapumua. Anapumua. Shati lake nililolishika lilikuwa limelowa kama limetoka mtoni. Alitapika mara moja, pembeni, bila kumtikisa mtoto. Mahali fulani juu ya mto uliofurika mluzi ulikatika. Nikapiga kelele. Mwalimu hakugeuka. Aliinamisha uso wake juu ya uso wa mtoto, akakaa hivyo, nami nikasikia ule moyo wake kupitia mgongoni, kwa nguvu ile ile, na kisha mluzi ukarudi, mwembamba, na Mwalimu akapaza sauti, "Anapumua!"

Tulitua Bukoba kwenye majani yaliyojaa maji. Gari la hospitali lilikuwa halijafika. Mwalimu alinikabidhi mtoto, akashuka, akakaa chini kwenye maji vile vile. Yule kijana alizima ndege akaja. Alichuchumaa mbele yake. Walikuwa wanatazamana, mzee na kijana, wote wawili mvua ikiwatiririka usoni. Mwalimu akamwambia maneno machache. Rubani akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka, akaangalia mikono yake, akajibu kwa sauti ndogo.

Gari lilikuwa linakuja, taa zikiwaka mchana. Nilimsogelea Mwalimu, mtoto kifuani.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia niliogopa."

"Naye?"

Mwalimu alimtazama yule kijana, ambaye sasa alikuwa amesimama ameegemea bawa, amejishika magoti.

"Amesema na yeye."